Diski Iliyokuwa Ikifukuza Ndege

Dada yangu hajui kompyuta, na kwa miaka mingi huko kutojua ndiko kulikoilinda kompyuta yake. Alijua kuiwasha, kungoja kile kilima kibichi chenye anga ya buluu kitokee kwenye skrini, kubonyeza mara mbili mahali pamoja tu, na kuizima jioni. Hakuwahi kubonyeza pengine. Mimi ndiye niliyesoma chuo kikuu, na mimi ndiye niliyebonyeza pengine.

Karakana yake iko Uthiru, chumba kimoja nyuma ya duka la chakula cha kuku, hatua chache kutoka Waiyaki Way. Hufuma sweta za shule. Ana mashine mbili za kufuma, meza ya kukatia, na kwenye kona, mashine ya kudarizi iliyoletwa kutoka ng'ambo ikiwa tayari imechoka. Hiyo ndiyo inayoshona beji ya shule kifuani mwa sweta. Peke yake haiwezi lolote. Kompyuta ndiyo inayoiambia, kupitia kebo nene yenye meno mengi, sindano iende wapi na uzi gani ufuate. Na programu ya kuiambia hivyo ilitengenezwa na watu ambao, nadhani, walishastaafu wakaenda kulea wajukuu. Inakubali kukaa ndani ya mfumo mmoja tu, ule wa zamani, wa kilima kibichi. Ukiiweka ndani ya toleo lolote lililofuata, inagoma.

Hayo nayajua sasa. Desemba sikuyajua.

Wiki ya Krismasi dada alitangulia nyumbani, Ukambani, kumsaidia mwaitu. Mwaitu ni mama yetu; sote humwita hivyo, hata sisi wenye mvi. Aliniachia ufunguo wa karakana ili nimbebee sufuria mbili kubwa za kupikia sikukuu, ambazo huzihifadhi humo chini ya meza. Nilifika, nikazitoa sufuria, na badala ya kuondoka nikaketi. Kompyuta ilikuwa pale, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama kila kitu kingine katika maisha ya dada yangu: redio, viti, tangi la maji. Nikakifunua. Nikaiwasha kwa sababu tu ilikuwapo.

Pembeni mwa skrini kikatokea kijisanduku cha onyo. Kilisema mfumo huu hautunzwi tena na waliouunda, kwamba ulishaachwa, kwamba anayeendelea kuutumia anajihatarisha. Dada alikuwa amekifunga kijisanduku hicho kila asubuhi kwa miaka, bila kukisoma, kwa utulivu wa mtu anayefukuza inzi. Mimi nilikisoma. Mtu aliyesoma sana hana dawa ya maandishi. Ukimwekea onyo mbele yake lazima atende jambo. Na mkobani, kwa bahati yangu mbaya, nilikuwa na toleo jipya zaidi kwenye flash, nililokuwa nimeliweka kwenye kompyuta yangu mwenyewe bila ajali yoyote.

Nilihifadhi michoro yote ya beji kwanza, na kwa hilo nikajiona mwangalifu. Kisha nikafuta kila kitu. Baada ya saa mbili kilima hakikuwapo tena. Nikarudisha kitambaa, nikakinyoosha pembe zote nne, nikabeba sufuria. Nilisafiri nikiwa na furaha ya mtu aliyeacha zawadi mahali itakapogunduliwa.

Ikagunduliwa Jumatano, wiki ya kwanza ya Januari.

"Profesa, uko wapi?" Mimi si profesa. Dada ananiita hivyo tangu nilipofeli kuwa mmoja.

"Niko nyumbani. Habari ya safari?"

"Safari wachana nayo. Kompyuta yangu imebadilika sura. Kile kilima hakiko. Na ile ya kushona haiko, nikibonyeza beji inaniambia hapana kwa Kizungu."

Naishi Kawangware upande wa Lavington, au Lavington upande wa Kawangware, kutegemea ninazungumza na nani. Kutoka kwangu hadi Uthiru si mbali. Nilifika nikiwa bado naamini ni jambo la kubonyeza mara tatu. Nikabonyeza mara mia. Programu ya kudarizi ilikuwa imefutika, lakini dada alikuwa ameitunza diski yake ndani ya droo ya vifungo, kwa hiyo nikaiweka upya. Ikakataa. Nikaijaribu kwa njia zote ninazozijua, ambazo ni mbili. Ikakataa. Nyuma yangu dada alikuwa amesimama na sweta begani.

"Ni nini?" akauliza.

Ukiwa Nairobi na umeharibu kitu, kuna jibu moja ambalo halihitaji kufikiriwa. Linakuja lenyewe.

"Stima," nikasema. "Ilipotea tukiwa nyumbani, halafu ikarudi kwa nguvu. Hiyo huua kompyuta."

Stima inaweza kuchoma kompyuta hadi inuke, lakini sijawahi kusikia stima iliyoibadilishia toleo. Dada hakulijua hilo. Nilitegemea atailaumu stima kama tunavyoilaumu sote, aingize tusi moja la Kikamba, yaishe. Badala yake aliketi kwenye kiti cha mashine na kuweka sweta mapajani.

"Basi ni mimi," akasema. "Sikuzima soketi. Nilitoka hapa mbio nikaacha soketi. Mungu wangu, ni mimi."

Nikafungua kinywa. Kisha nikakifunga.

Lazima nieleze ni nini kilichokuwa mezani. Wateja wa dada siku zote walikuwa shule ndogo za huku kwetu, ambazo beji zake ni mwenge au jembe. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, shule ya kibinafsi ya Lavington ilimpa kazi: sweta hamsini na nne za darasa la kwanza, rangi ya zambarau, zenye taji, kitabu kilichofunguliwa, na maneno matatu ya Kilatini ambayo nilijifanya kuyaelewa. Mwalimu mkuu alimwambia wazi kwamba hilo ni jaribio. Zikifika Jumatatu asubuhi shule inapofunguliwa, na zikiwa safi, shule nzima ingekuwa yake. Zisipofika, yuko mwingine aliyekuwa akiishonea zamani, na angerudishwa. Sweta zenyewe zilikuwa tayari zimefumwa, zimepangwa mezani. Vifua vyote vilikuwa vitupu.

Na Jumapili haikuwamo katika hesabu. Dada hagusi sindano Jumapili, hata kifungo cha shati lake kikikatika mlangoni mwa kanisa.

Usiku huo niliutafuta mfumo wa zamani kwenye mtandao. Kwa walioutengeneza, ukurasa ulikuwa na adabu ya watu wa mapokezi: toleo hilo haliuzwi tena, muda wake ulikwisha, tafadhali tazama mazuri tuliyo nayo sasa. Kwingineko kulikuwa na wageni kutoka pembe zote za dunia waliokuwa tayari kunipa bure, pamoja na picha za wasichana na vitu vingine ambavyo sikuviomba. Niliogopa. Nilikuwa nimeiua kompyuta ya dada mara moja, sikutaka kuifufua ikiwa na kichaa.

Alhamisi asubuhi nikashuka mjini.

Kuna majengo kule chini, karibu na River Road, ambayo yalikuwa maduka makubwa yakakatwakatwa vibanda, kila kibanda upana wa kabati, na ndani ya kila kabati mtu anatengeneza simu ya mtu mwingine. Nilipita vibanda vitano. Katika kila kimoja nilitaja toleo ninalotaka, na katika kila kimoja nilitazamwa kwa huruma. Cha sita kilikuwa cha mama mmoja wa miaka thelathini na kitu, mwenye rasta ndefu na kioo cha kukuzia jichoni kama sonara. Alinisikiliza bila kuinua kichwa.

"Hiyo kitu ni ya makumbusho, mzae."

"Nahitaji kwa kazi."

"Kazi gani? Unarusha ndege ya vita ya mwaka gani?"

Nikamweleza juu ya mashine ya kudarizi. Hapo akainua kichwa, akakitoa kile kioo, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ananichukulia kama binadamu.

"Alafu nani alitoa ile ya kwanza?"

"Stima," nikasema. Ulimi ulishazoea.

Akacheka hadi jirani yake akachungulia. "Stima! Wee mzae, hiyo stima iko na cheti ya kompyuta?"

Aliingiza mkono chini ya meza akatoa kasha la plastiki, akanichomea nakala kwenye diski. Akaniuliza kama ninao ufunguo, ile safu ya herufi na tarakimu inayotakiwa kuthibitisha kuwa kompyuta ni halali. Ninao, nikamwambia, uko kwenye kibandiko ubavuni mwa kompyuta, nimeunakili kwenye karatasi. Nilikuwa na haraka kiasi kwamba nilikuwa nikihama mguu hadi mguu kama mtoto anayetaka kwenda msalani. Aliijaribu kwanza kwenye mashine yake, ndani ya dirisha la majaribio. Akaandika ufunguo wangu. Ukakataliwa. Akauandika tena polepole. Ukakataliwa.

"Kibandiko yako si ya hii," akasema. "Hiyo ni ya zile zilikuja na kompyuta kutoka kiwandani. Inataka diski ya kiwanda yake. Hii yangu ni ya dukani. Ni kama bibi na bwana, huwezi leta bwana wa mwingine."

"Nitaipata wapi?"

"Jaribu mzee wa kaseti. Ukitoka, shuka hivi mpaka msikiti, uliza mzee wa kaseti. Yeye hajawahi tupa kitu tangu azaliwe."

Nikaondoka na ile diski isiyofaa mfukoni. Njiani, kwa sababu sijui kukubali, nilinunua nyingine mbili katika vibanda viwili tofauti. Moja ilikuwa ya Kireno. Nyingine haikuwa na kitu.

Mzee wa kaseti alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, kofia nyeupe, duka refu lenye kiza kama handaki. Zamani aliuza kaseti za mawaidha na za kaswida, kisha diski, na sasa aliuza makasha ya simu. Lakini kila enzi ilikuwa bado imo dukani, moja nyuma ya nyingine, hadi kule mwisho ambako nilidhani nikifika nitakuta santuri. Nilimwamkia kwa heshima. Akaniitikia, akanisogezea kistuli. Nikakataa kuketi.

"Keti, bwana. Aliyesimama hauziwi kitu hapa."

Nikaketi. Goti langu likaendelea kucheza lenyewe. Nikamweleza aina ya kompyuta, rangi ya kibandiko, kila kitu. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo Nairobi limeadimika.

"Hizo zililetwa nyingi, za maofisini," akasema. "Na kila moja ilikuja na diski yake, ndani ya bahasha ya karatasi yenye kidirisha. Mimi ninazo za aina nne, lakini hiyo yako sinayo. Aliyekuuzia hakukupa?"

"Sikununua. Niliitoa ofisini, Upper Hill. Nilikuwa nikiwahariria ripoti, wakaamua kuondoa kompyuta za zamani, wakanipa moja. Nikampa dada."

"Na diski?"

"Zilikuwamo. Sanduku zima la diski."

"Basi una mali, bwana! Ziko wapi?"

Mzee alingoja. Nje muadhini alikuwa anajaribu kipaza sauti. Na mimi nikaona, kwa uwazi wa kutisha, shamba la mtama.

Wakati ule nilipompelekea dada kompyuta, sanduku la diski nilibaki nalo mwenyewe. Mwezi uliofuata nilikwenda nyumbani, nikamkuta mwaitu anapambana na kwelea. Ndege hao ni wadogo kama ngumi ya mtoto, lakini wakishuka kwenye mtama huwezi kuamini kwamba hapo palikuwa na chakula. Alikuwa amechoka kupiga debe. Nami nikapata wazo. Nilikuwa nimesoma mahali fulani kwamba ndege huogopa mwanga unaometa. Nilizifungua zile bahasha zenye kidirisha, moja baada ya nyingine, nikazitunga diski kwenye kamba ya mkonge kupitia matundu yao, nikaifunga kamba kutoka mti hadi mti juu ya shamba. Ziligeuka kwenye upepo, zikamulika. Ndege wakaruka. Majirani walikuja kutazama. Mwaitu aliwaambia wote: mnaona faida ya kusomesha mtoto.

Nilimsimulia mzee hayo kwa maneno machache. Hakucheka. Alivua miwani akaifuta.

"Jua la huko likoje?"

"Kali."

"Ilikuwa ya kuchomwa, au ya kiwandani?"

"Ya kiwandani."

"Ya kuchomwa ingekuwa imekufa zamani. Ya kiwandani, inshallah, huenda ina roho. Niletee. Usiifute, usiioshe, usifanye lolote." Akanitazama. "Wewe hasa, usifanye lolote."

Nilimpigia mwaitu simu nikiwa barazani mwa duka, kidole kimoja kimeziba sikio. Tulizungumza Kikamba, lugha ambayo ndani yake mimi bado nina miaka tisa.

"Zile zinazong'aa?" akasema. "Mtama ndio unashika punje sasa hivi. Wanashuka asubuhi na jioni. Nikizitoa, utakuja kusimama shambani wewe?"

"Nitakuletea nyingine, mwaitu. Ninazo tatu mfukoni."

"Zinang'aa?"

"Zinang'aa sana. Kung'aa ndiyo kazi pekee zinayoiweza."

Akafikiri. Nikasikia kuku, na redio ya mtu. "Nitaitia kamba yote kwenye mfuko, nimpe wa basi la jioni. Uichukue mjini kesho asubuhi. Lakini niambie. Zawadi ulinipa mwenyewe. Inarudi kwa nini?"

Nikasema ni ya kompyuta ya dada, ilikuwa imechanganyika na nyingine kwa bahati mbaya. Na mara tu nilipolitamka, nilijua nilichofanya. Katika familia yetu, kumwambia mwaitu jambo ni kulitangaza. Si kwamba ni msengenyaji. Haoni tu kwamba kuna sababu ya mtoto mmoja kujua kitu ambacho mwingine hakijui. Hata kama angemaliza kwanza kuwalisha kuku, nilikuwa na dakika kumi.

Kutoka katikati ya mji hadi Uthiru haiwezekani kwa dakika kumi. Nilikwenda hivyo hivyo. Njia nzima nilikuwa nikitunga ungamo langu, nikilisahihisha kama mswada: nikiondoa vivumishi, nikihamisha kosa kutoka mwanzo wa sentensi hadi mwisho, ambako huonekana dogo. Nilipofika nilikuwa na kitu kizuri sana.

Dada alikuwa ameketi mlangoni, kwenye mwanga, na sweta ya zambarau mapajani. Alikuwa anaishona beji kwa mkono. Taji lilikuwa limekamilika, kitabu nusu. Kando yake zilikuwa sweta nyingine tano zilizokamilika, na vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa plasta. Hakuinua macho.

"Mwaitu amenipigia," akasema.

"Dada, nilikuwa nakuja kukuambia—"

"Anasema unataka diski ya kompyuta yangu. Nikajiuliza, kama ni stima iliharibu, diski ni ya nini? Stima inarudishwa na diski?"

Ule mswada wote ukaniponyoka. "Si stima," nikasema. "Ni mimi. Nilikuja kuchukua sufuria nikaifuta. Nilidhani nakusaidia."

Sindano ikaingia, ikatoka. Ikaingia. Nilingoja anitukane kuhusu kompyuta. Nilikuwa na majibu kuhusu kompyuta.

"Hiyo ya kufuta nimeisikia," akasema hatimaye. "Umesoma, unajaribu vitu. Sawa. Lakini nilikaa hapo, kwa hicho kiti, nikasema ni mimi niliacha soketi. Na wewe umesimama hapo. Ukaniangalia."

"Ndiyo."

"Jana kwa maombi ya akina mama nimesimama nikaomba Mungu anisamehe uzembe. Mbele ya watu. Kwa sababu ya soketi. Profesa, mimi nimetubu dhambi yako!"

Alikata uzi kwa meno, akaiweka sweta ya sita juu ya nyingine, akachukua ya saba.

"Enda ukaniletee hiyo diski," akasema. "Na usirudi na hadithi."

Ijumaa saa moja asubuhi nilikuwa tayari kwenye ofisi ya mabasi, kabla karani hajafungua dirisha. Kifurushi kilikuwa mfuko wa unga uliofungwa kwa kamba, na ndani yake, kwa kuwa mwaitu hawezi kutuma kitu kimoja peke yake, mlikuwa na pojo kilo mbili, na juu ya pojo, diski kumi na moja kwenye kamba ya mkonge. Zilikuwa na vumbi jekundu na kinyesi cha ndege. Maandishi yalikuwa yamefifia, huwezi kusoma ipi ni ipi. Sikufuta, sikuosha. Niliubeba mfuko kwa mikono miwili kama yai.

Mzee wa kaseti aliikata kamba kwa mkasi, akazipanga diski kwenye gazeti, akazitazama moja moja dhidi ya mwanga. Tano alizisukuma kando bila neno. Katika sita zilizobaki, aliipata yetu kwa alama ndogo iliyochongwa kwenye duara la katikati, ambako jua haliwezi kufuta. Ilikuwa na mikwaruzo kama kiganja cha mkulima.

Akachukua dawa ya meno.

Nilidhani anataka kupiga mswaki. Lakini akaiminya kidogo kwenye kipande cha kikoi kikuukuu na kuanza kuisugua diski, kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka, kisha tena, kisha tena. "Watu husugua kwa kuzunguka," akasema. "Ndiyo maana huziua. Mkwaruzo wa kuzunguka unafuata maneno, unafuta sentensi nzima. Wa kunyooka unakatiza tu." Nilikuwa nimesimama, nimeketi, nimesimama. Akaniagiza chai, ili nipotee. Nilipoileta alikuwa ameiweka diski ndani ya mashine ya zamani iliyokuwa ikipumua kama mgonjwa wa pumu, nayo ilikuwa inanakili. Ikafika sabini na nane kwa mia. Ikakwama.

Tuliitazama ile sabini na nane hadi chai ikapoa.

Akaitoa. Akaisugua tena, polepole zaidi, huku akinisimulia habari za mjomba wake aliyekuwa akitengeneza saa. Akairudisha. Ikafika sabini na nane. Ikasimama. Mashine ikavuta pumzi. Sabini na tisa.

"Alhamdulillahi," akasema mzee.

Nilikuwa nimeshika ukingo wa kaunta.

Jumamosi asubuhi niliketi mbele ya kompyuta ya dada, na dada aliketi nyuma yangu, karibu kiasi kwamba nilisikia akipumua. Kila nilipotaka kubonyeza ilibidi nimwambie kwanza nabonyeza nini na kwa nini. Nilikuwa nimeshika ile karatasi yenye ufunguo. Haikuhitajika. Diski iliitambua kompyuta yake yenyewe, bila kuuliza swali, kama ng'ombe anayejua zizi lake hata baada ya kuuzwa. Karibu na saa sita mchana kile kilima kikatokea.

"Huyo," akasema dada. Kisha: "Toka kwa hicho kiti."

Nilimwomba dakika chache tu za kurudisha programu ya kudarizi na michoro ya beji, kisha nikatoka. Akabonyeza mara mbili, mahali pamoja. Mashine ya kudarizi ikatingishika, ikaguna, ikaanza kushona taji.

Alikuwa amemaliza kumi kwa mkono. Zilibaki arobaini na nne, kila moja ikichukua dakika nane hivi. Tuligawana kazi: yeye anafunga kifua cha sweta kwenye fremu, mimi nakata nyuzi zilizobaki, kazi ambayo hata mimi ilionekana siwezi kuiharibu. Saa kumi na robo, mashine ikiwa katikati ya kitabu, ikasimama. Skrini ikazimika. Friji ya duka la jirani ikanyamaza, na mtaa mzima ukaguna mara moja kama mtu mmoja.

Stima ilikuwa imepotea. Kweli.

Dada aliniangalia kwenye kile kiza cha mchana.

"Sasa hiyo ndiyo stima, Profesa," akasema. "Iangalie vizuri, uijue."

Sikuthubutu kucheka hadi yeye alipoanza. Alicheka kidogo tu, kupitia puani, lakini aliinuka akazima soketi zote, moja moja, akizihesabu kwa sauti ili nisikie. Kisha akaitoa kwenye fremu ile sweta iliyokwama, akamalizia kitabu kwa mkono, akanirushia pamoja na sindano na uzi wa dhahabu.

"Unajua kusoma Kilatini. Andika."

Nilishona maneno matatu ya Kilatini kwa karibu saa nzima. Yeye katika muda huo alishona beji nzima, taji, kitabu na maneno yote. Stima iliporudi tulingoja dakika tano kabla hajabonyeza kitufe cha kuwasha. Sijawahi kukitazama kilima chochote, cha kweli au cha picha, kwa hofu kama ile. Kikaja. Alimaliza ya mwisho giza likianza kuingia, akafunika kompyuta kwa kitambaa chake, na juu ya kitambaa akaweka mkono wake, mara moja, kama anayepima homa.

Ile yangu aliikagua chini ya taa. Herufi zilikuwa zinapanda kulia kama watu wanaopanda ngazi. Nilimwambia tuifumue.

"Hakuna muda. Nitaiweka katikati, kati ya zile nzuri. Mungu akipenda mtoto atakuwa mtundu, ataichafua haraka."

Jumatatu sweta zilipita langoni mwa shule, mlinzi akazihesabu hadi hamsini na nne, na dada akapata shule nzima. Mwaitu aliningoja wiki moja, kisha akapiga simu kuniambia kwamba diski nilizomtumia hazina nguvu. Ndege wanakaa juu yake. Ile ya zamani sasa inalala ndani ya droo ya vifungo, kwenye soksi, na ufunguo wa droo sinao.

Njia yangu ya kwenda dukani hupita mbele ya ukuta wa ile shule ya Lavington. Jioni watoto hutoka wakikimbilia magari, wote zambarau, na mimi hupunguza mwendo. Mlinzi ameanza kunitazama vibaya, na ana haki: mzee mzima, ana mfuko wa mkate, anachungulia vifua vya watoto wa darasa la kwanza akitafuta maneno matatu yanayopanda kulia. Sijayaona bado. Kesho nitapita tena.